Digrii Ishirini na Sita

Alhamisi moja ya Januari, saa nne asubuhi, Hilje Dijkema alikuwa amesimama sebuleni kwake ndani ya koti la marehemu mumewe, mkasi mrefu mkononi, akingoja miwani yake iishe ukungu. Sebule ilikuwa digrii kumi na moja. Tangi la samaki lilikuwa digrii ishirini na sita. Katikati kulikuwa na kioo tu, na kila alipousogeza uso karibu na maji miwani ilifunga ukungu tena, ikambidi arudi nyuma, aifute kwa pindo la koti, aanze upya.

Lile tangi halikuwa mchezo. Urefu mita mbili, maji lita mia tano na hamsini, nalo lilisimama pale ambapo nyumba nyingine huweka kochi kubwa. Menno alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha sukari, na alilijenga kwa mikono yake miaka thelathini iliyopita. Katika chama cha wafuga samaki liliandikishwa kwenye fungu liitwalo tangi la usuhuba, maana yake samaki wa mito mbalimbali, ambao kwao wasingekutana, wanakaa pamoja bila kuudhiana. Kila majira ya baridi jaji wa chama huzunguka nyumba kwa nyumba, anakaa sebuleni mwa watu, anakunywa kahawa yao, anatoa alama. Menno alishiriki mara ishirini na nane na hakushinda hata mara moja. Alifariki masika ya mwaka juzi, na kazi ikabaki kwa Hilje.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa kuupogoa Mtaa wa Leiden. Wafuga samaki wa nchi hii wana desturi yao. Hupanda mimea ya aina moja kwa safu, mifupi mbele, mirefu nyuma, ikipanda kwa mshazari hadi kona ya nyuma ya tangi, hata mtazamaji aamini kuna njia inayokwenda mbali. Huo ndio Mtaa wa Leiden, na ufundi wake wote ni kuuficha mwisho. Jaji akiuona mwisho wa mtaa, anakata alama.

Mwaka jana jaji, bwana mmoja mrefu aitwaye Siebrand Terpstra, mtaa aliusifu. Alama alizikata kwingine. Alikata mbili kwa ajili ya joto, kama alivyofanya kila mwaka, kwa sababu mimea ile inataka digrii ishirini na nne na tangi la Menno lilikuwa ishirini na sita. Kisha akakata tatu kwa ajili ya kambare. Ni kambare mdogo mwenye deraya, hazidi kidole gumba, na wenzake watano walikuwa wamekufa msimu ule. Jaji aliandika kwa mwandiko mzuri wa kalamu ya wino: Mnyama wa kundi hawekwi peke yake. Hilje alikuwa na miezi minane ya ujane. Sentensi hiyo aliisoma mara nyingi kuliko kadi zote za rambirambi, maana mnyama mwingine aliyebaki peke yake ndani ya nyumba ile hakuna aliyemwandikia neno kama hilo.

Angemnunulia kambare wenzake, lakini mwenye duka la samaki mjini alikwishafunga. Umeme ulimshinda.

Umeme ulikuwa unawashinda wengi majira yale. Tangi la Menno lilikuwa na taa nne, pampu, chujio na vipasha joto viwili, nalo lilikula umeme kuliko friji, mashine ya kufulia na televisheni kwa pamoja. Zamani hakuna aliyejali. Kisha bei ya umeme ikapanda mara tatu, ya gesi ikapanda zaidi, na pensheni ya Hilje ikawa na uwezo wa kupasha joto kitu kimoja tu, nyumba au tangi. Hakuhitaji siku mbili kuamua. Alikwenda chini ya ngazi, akafunga gesi, akarudi kuvaa koti la Menno, ambalo lilimfika kwenye vifundo vya miguu.

Na nyumba zile, jamani, baridi zilikuwa zinaikaribisha. Zilikuwa nyumba sita za kupanga zilizoshikana, mali ya shirika la nyumba, zimesimama kwenye udongo wa mfinyanzi wa mkoa wa Groningen na nyuma yake konde za viazisukari mpaka macho yachoke. Ukuta wa mashariki wa Hilje ulikuwa na ufa unaopitisha kidole. Ufa ulitokana na ardhi kutetemeka, na ardhi ilitetemeka kwa sababu ya gesi iliyovutwa miaka sitini chini ya miguu yao, gesi ile ile ambayo sasa hawakumudu kuiwasha. Kila ardhi ilipocheza, tangi liliinama kidogo, naye Menno alichukua kipande cha karatasi ngumu, vile vya kuwekea bilauri ya bia, akakisukuma chini ya mguu wa meza ya tangi, akapima kwa pimamaji mpaka povu likae katikati. Vipande vilikuwa vimefika vinne.

Kabla ya Krismasi alikuja mshauri wa nishati. Alikuwa mwalimu Doornbos, aliyefundisha hesabu nusu ya kijiji, na sasa amestaafu akijitolea kwa manispaa. Alizunguka na sanduku la sponji za kuziba nyufa za madirisha na balbu za bure. Alizunguka nyumba nzima akiwa na kofia kichwani, akafungua kabati la mita, akaiangalia kwa muda, kisha akarudi sebuleni.

"Mama Dijkema, mwizi wako ni huyu hapa."

"Huyo si mwizi, mwalimu. Huyo ni Menno."

Mwalimu alivua kofia. Kisha, kwa kuwa hesabu ni hesabu, akamweleza kwa upole kwamba akilishusha tangi digrii mbili tu ataona nafuu mara moja, na mimea itamshukuru. Hilje akasema Menno alisema ishirini na sita. Mwalimu akauliza kwa nini. Hilje akajibu kwamba hakuwahi kumuuliza, alisema, basi. Mwalimu hakubishana. Aliziba dirisha la jikoni mwenyewe, kwa magoti yake mabovu, huku akimweleza habari za orodha. Shirika la nyumba lilikuwa na fedha za kutia kuta sufi ya kuhifadhi joto, lakini si kwa nyumba zote kwa mpigo. Walianza na zile zinazochoma nishati nyingi kuliko nyingine.

"Mimi gesi nimefunga," Hilje akasema.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mimi niko wapi kwenye hiyo orodha?"

Mwalimu alibonyeza sponji kwa kidole gumba mpaka ikashika. "Chini," alisema. "Ukitaka kupanda, mama, washa kila kitu na ufungue madirisha. Sijasema mimi hilo."

Hilje alimpa kahawa na biskuti moja, akafunga mkebe.

Sasa turudi Alhamisi ile. Jaji alitarajiwa baada ya wiki tatu na Mtaa wa Leiden ulikuwa umeanza kuwa kichaka. Hilje alipanda kigoda, akafunua kifuniko, akakunja mkono wa koti, akazamisha mkono. Maji yalifika kiwiko, kisha bega. Kwa miaka ishirini na tisa mikono ile ilikunja mashuka mabichi kiwandani kwa wafua nguo, na vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba vikabaki hivyo. Kwenye baridi ya sebuleni havikukunjika tena. Ndani ya maji vilifunguka kimoja kimoja, na maumivu aliyoamka nayo yakaondoka.

Katikati ya mtaa kulikuwa na jani moja lililooza, mbali kidogo na ncha ya mkasi. Akajinyoosha. Bega likaingia, kichwa kikafuata, na kwa kuwa nusu ya juu ilikwishapata joto, nusu ya chini haikuona sababu ya kubaki nje. Viatu alivivua kwa vidole vya miguu, vikaanguka juu ya gazeti lililotandikwa sakafuni, mahali pake. Akaingia.

Kupumua hakukumpa taabu. Kulitaka utulivu tu, kama kunywa supu ya moto. Koti la Menno lilielea kidogo kisha likatulia. Alikata lile jani, kwa sababu ndilo lililomleta, akaliweka mfukoni, halafu akautazama Mtaa wa Leiden kutoka chini, kwa mara ya kwanza. Kwa nje mtaa ule ulikuwa na urefu wa sentimita arobaini. Hilje aliutembea dakika sita. Mimea ilikuwa imemzidi kimo pande zote mbili, mchanga ulikuwa laini, na samaki wadogo wenye mstari wa buluu walipita kwenye usawa wa mabega yake bila kumjali.

Mwisho wa mtaa, pale ambapo hakuna jaji anayepaswa kuona, kulikuwa na ukuta wa nyuma wa magome ya mti, na juu yake maandishi ya penseli, herufi kubwa za fundi mitambo. Yalikuwa tarehe za kupanda, mstari chini ya mstari, tangu mwaka wa kwanza. Chini ya mstari wa tatu Menno alikuwa ameandika: MIMEA INATAKA 24. MIKONO YA HILJE INATAKA 26. IACHWE 26. JAJI ASIAMBIWE.

Hilje aliyafuata maneno yale kwa kidole. Menno hakuwa mtu wa maneno matamu. Watu wa mkoa ule hawana sifa kubwa kuliko kusema kwamba kitu kingeweza kuwa pungufu, na Menno hata hiyo aliitoa kwa nadra: mara moja kwa tangi, na mara moja kwa Hilje, siku ya harusi, mbele ya mama mkwe wake ambaye hakumsamehe. Miaka ishirini na nane mfululizo alikuwa amekubali kukatwa alama mbili, akamshukuru jaji, akamfungulia mlango. Hilje alilia pale mwisho wa mtaa, na ndani ya maji hakuhitaji leso.

Saa sita alitoka kupika. Alitundika koti juu ya beseni, akaponda viazi na sukuma wiki, akala amesimama, akarudi. Kesho yake alirudi tena, na keshokutwa. Alijua kwamba akiwa ndani hahitaji kuwasha taa ya sebuleni, wala birika la umeme la kujipashia miguu, wala blanketi la umeme, kwa hiyo mahali pa kukaa palikuwa ni pale.

Jumatatu Fokko Bulthuis, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuja kurudisha ngazi. Fokko alikuwa na miaka sabini na tisa. Aliendesha malori ya viazisukari maisha yake yote na alizoea kuzungumza kwa sauti ya kushindana na injini. Aliingia kwa mlango wa nyuma bila kubisha, kama wafanyavyo wote kule, akamwona Hilje ndani ya tangi, amekaa juu ya jiwe chini ya gogo, anafuma soksi. Fokko akaketi, akaweka kofia juu ya goti, akangoja. Hilje alimaliza mstari, akasogea kwenye kioo.

"Jirani," Fokko alisema, "huko ndani kukoje?"

Hilje aliwaza kidogo. "Kungeweza kuwa pungufu."

Fokko alimtazama mara mbili. Kisha akavua viatu vyake vya mbao, akaviweka juu ya gazeti kando ya vile vya Hilje, akauliza kama aanze na mguu wa kulia au wa kushoto.

Habari za joto hazifichiki. Kufikia Jumamosi walikuwa wameingia Roelie na mumewe Tamme wa namba kumi, na baada yao wengine wa safu ile, wote wazee, wote wakiwa wamefunga gesi kimyakimya na kila mmoja akidhani ni yeye peke yake. Wakawa saba. Namna watu saba walivyoenea katika lita mia tano na hamsini hakuna aliyeuliza. Roelie alisema tu kwamba nyumba ya dada yake mjini ni ndogo kuliko ile. Hilje aliweka masharti: viatu nje, sabuni marufuku, na asitokee mtu wa kumlisha samaki mkate. Fokko alikanywa kuhusu mkate mara mbili. Umeme wa tangi waligawana, kila nyumba fungu lake ndani ya mkebe wa kahawa, na kwa kuwa nyumbani kwao hakuna kilichowashwa tena, wote walimudu.

Maisha humo yalikuwa ya kawaida. Saa nne ilikuwa kahawa. Mmoja alitoka kuichemsha, wengine wakatoa vichwa juu ya maji, wakanywa. Mchana Tamme alilala chini ya majani mapana. Roelie, ambaye kifua chake kilikuwa kinakohoa tangu Novemba, aliacha kukohoa. Tarehe ishirini na nane ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Fokko, akitimiza themanini, nao waliifanya kama inavyopaswa, wamekaa mduara juu ya mchanga wa mbele, kila aliyeingia akizunguka kumpa mkono kila mmoja na kumpongeza kwa siku ya Fokko, hata wale wasiompenda. Katikati ya pongezi kambare mdogo alitoka chini ya gogo. Aliuzunguka mduara polepole, akagusa kila goti kwa ndevu zake, kisha akakaa kati ya Annechien wa nyumba ya mwisho na Hilje. Hapo akabaki mpaka keki ilipokwisha. Hilje alimwona, na usiku ule alilala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu mazishi.

Mwalimu Doornbos alirudi mwanzoni mwa Februari kusoma mita. Alikwenda nyumba kwa nyumba, na kila alipofungua kabati gurudumu la mita lilikuwa limesimama kabisa. Alipofika kwa Hilje alikuta viatu jozi saba juu ya gazeti. Alivitazama, akalitazama tangi, akavuta kiti, akakaa na fomu yake juu ya mapaja. Wakati ule midomo yake ilikuwa na rangi ya mchana wa Februari, kijivu kwa baridi. Hilje akatoa kichwa na kumwambia nafasi ipo. Mwalimu akashukuru, akasema kwanza amalize kazi.

Kazi haikumwendea vizuri. Fomu iliuliza idadi ya wakazi, akaandika ukweli. Iliuliza wanapasha joto vyumba vingapi, na jibu lilikuwa sifuri. Iliuliza sababu ya kupungua kwa matumizi na kumpa majibu matatu ya kuchagua: kifaa kipya, wakazi wamehama, wakazi wamebadili mazoea. Hapakuwa na la nne.

"Hamjahama," mwalimu alisema.

"Hatujahama," Hilje akakubali. "Barua zetu zinakuja hapa hapa."

"Basi mmebadili mazoea." Aliweka alama, na mkono wake haukufurahia. Chini kabisa kulikuwa na nafasi ya maelezo, mistari miwili. Mwalimu alitaka kuandika, kwa herufi ndogo kuliko zote alizowahi kuandika: Wakazi saba wa safu hii wanaishi ndani ya tangi la samaki la namba sita kwa sababu nyumba hazikaliki kwa baridi, kuta zitiwe sufi haraka. Nafasi ikaisha kwenye neno kuta.

"Watasoma?" Fokko aliuliza kutoka chini ya gogo.

"Nitawapigia simu," mwalimu alisema. Na alipiga, siku tatu mfululizo, akiwa mtu mwaminifu. Kila mara sauti ilimwambia yeye ni wa kumi na nne kwenye foleni.

Jumamosi, tarehe kumi na moja, saa tano kasoro dakika kumi, Siebrand Terpstra aliegesha gari mbele ya namba sita. Hilje alikuwa amekwishatoka, amevaa gauni zuri, nywele bado mbichi, thamosi mezani. Wengine waliulizwa kama watatoka, na Fokko akajibu kwa niaba yao kwamba samaki hawatolewi jaji akija. Jaji alipeana mkono na Hilje, akakataa biskuti kwa kuwa ilikuwa nyumba yake ya tatu, akaikubali, akavuta kiti mpaka mita moja na nusu kutoka kioo, akakaa kimya dakika kumi. Ndivyo inavyofanyika. Kalamu haishikwi kabla ya dakika kumi kupita.

Kisha akaanza kuandika, na Hilje akasimama nyuma ya kiti. Kwa miaka ishirini na nane kusimama pale kulikuwa kazi ya Menno, na Hilje alikuwa akijificha jikoni.

Maji yalikuwa safi. Mimea ilikuwa na afya. Mtaa wa Leiden umepogolewa vizuri, mwisho wake hauonekani. Kuhusu uwiano, jaji alikata mbili kwa ajili ya Fokko, ambaye alikuwa mkubwa mno kwa theluthi ya mbele, mahali panapotaka mimea mifupi.

"Mwambie mimi si wa kuhamishwa kama chungu," Fokko alisema ndani ya maji. Povu likapanda.

"Anasema nini?" jaji akauliza.

"Anasema asante."

Jaji alitumbukiza kipimajoto, akangoja, akakiinua kwenye mwanga. "Ishirini na sita, mama Dijkema. Nilimwambia mumeo kila mwaka, na kila mwaka alitikisa kichwa tu. Kuna sababu?"

Hilje aliingiza mikono ndani ya mifuko ya gauni. "Kama ilikuwepo, hakukuambia."

"Hakuniambia."

"Basi."

Jaji akakata alama mbili. Hilje aliziangalia zikikatwa, na furaha ikamjaa mpaka ikabidi ageuke kumimina kahawa.

Mstari wa mwisho ulikuwa usuhuba. Jaji aliinama karibu kabisa na kioo, miwani ikafunga ukungu, akaifuta, akainama tena. Kambare alikuwa juu ya mchanga katikati ya miguu ya Roelie na ya Annechien, anatafuta chakula bila haraka, ndevu zikigusa unyayo huu na ule. Jaji alimfuatilia kwa muda mrefu. Alizipekua karatasi zake, akatoa ile ya mwaka jana, akaisoma, akamtazama Hilje kama mtu aliyekumbuka kitu cha kumwonea haya. Kisha akaandika kwa ule mwandiko wake mzuri: Kambare hayuko peke yake tena. Wanyama wote wanaonekana kuwa na wenzao. Akampa alama kamili, ya kwanza tangu aanze kuzitoa.

Wakati wino unakauka, kitundu cha barua mlangoni kikalia. Hilje alikwenda, akarudi na bahasha ya shirika la nyumba, akaifungua kwa mkasi wa kupogolea. Aliisoma yote, mpaka saini, akamwomba jaji radhi.

Jaji akauliza kama ni habari mbaya.  Hilje aliigeuza barua, akaikandamiza kwenye kioo ili walioko ndani waisome. Walisogea. Tamme hakuwa na miwani, ikabidi aulize.

"Barua inasemaje?"

"Inasema hatusikii baridi," Hilje alisema.

Ilisema hivyo kwa maneno mengi zaidi. Matumizi ya safu yao yalikuwa madogo kuliko ya safu yoyote katika wilaya, na shirika liliwapongeza wakazi kwa mazoea yao mapya. Nyumba hizo zilikuwa zimeondolewa kwenye orodha ya kuta. Zingefikiriwa upya baada ya miaka kumi na miwili. Roelie alihesabu kwa vidole kila mmoja wakati huo atakuwa na miaka mingapi, akafika kwa Fokko, akaacha kuhesabu. Hakuna aliyepaza sauti. Annechien alisema kwamba angalau karatasi yao ni nzito, na Fokko akasema ndiyo, karatasi nzuri.

Hilje aliishika karatasi ile, akaipima unene kati ya vidole viwili. Akaikunja mara moja, mara mbili, mara tatu. Alitwaa pimamaji ya Menno ukutani, akampa jaji aiweke juu ya ukingo wa tangi, mwenyewe akapiga magoti penye mguu wa kushoto, juu ya sakafu iliyokwishabonyea, akaisukuma barua chini, juu ya vile vipande vinne.

"Bado kidogo," jaji alisema. "Ongeza. Hapo hapo."

Povu lilikuwa katikati. Jaji alikuwa amelishika tangi kwa kiganja kizima ili lisitikisike, na kazi ilipokwisha hakukiondoa mara moja. Alikuwa na nyumba nne nyingine siku ile, moja yake huko Delfzijl, na kwenye gari lake kipasha joto kilikuwa kimeharibika tangu sikukuu ya Sinterklaas, mwanzoni mwa Desemba. Akasema alama zitasomwa chamani mwezi ujao na kwamba safari hii pengine, pengine. Hilje akamsindikiza mpaka mlangoni, akamfungulia kama Menno alivyofanya.

Kisha akarudi sebuleni, ambako kulikuwa digrii tisa, akaosha vikombe, akavitundika. Alivua viatu, akavipanga juu ya gazeti pamoja na vingine, akapanda kigoda. Mikono ikatangulia.